Gari linamisi, koili inasingiziwa: pima kwanza, maduka ya spea ya Gerezani baadaye

Simu ninayoipokea mara nyingi huwa hivi: "Fundi, Forester yangu inamisi, nataka koili nne, niende duka gani?" Mwenye gari ameshajipima, ameshajiandikia dawa, kilichobaki ni kuelekezwa famasi. Namuuliza plagi zilibadilishwa lini. Kimya. Namuuliza linamisi wakati gani: likiwa sailensi (linaunguruma bila kukanyagwa), ukikanyaga, au likishapata moto? "Linamisi tu, fundi."

Kumisi ni silinda kushindwa kuchoma mafuta yake, na koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa cheche. Hapo ndipo hela inapopotelea. Kwenye injini yenye tabo (turbo, inayoshindilia hewa ndani ya injini) au ya silinda sita mtu hanunui koili moja, ananunua seti nzima, kisha anarudi barabarani gari likiwa vilevile. Na duka lililomuuzia limeandika ukutani kwa maandishi makubwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Tafuta iliyo yako, anza na vipimo vya bure, ndipo ushuke kwenye vya gharama. Magari niliyoyafikiria ni yale ninayoyaona zaidi hapa Dar: Impreza na Forester za tabo, Mark II na Chaser za injini ya 1JZ, Golf GTI, na zile Skyline chache ambazo wenyewe hawazitoi ila Jumapili.

Kabla hujagusa kitu

Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi elfu thelathini na zaidi. Usikubali mtu achomoe koili injini ikiwa inaunguruma eti asikilize silinda ipi imekufa. Mtindo huo ni wa enzi za distribyuta, na hata enzi hizo ulikuwa unarusha watu. Kwenye koili zinazokaa juu ya plagi, umeme ukikosa pa kutokea unapasua kinga ya ndani ya koili yenyewe, na pengine unaidhuru kompyuta ya injini. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asisogelee kabisa.

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, unaweza kwenda taratibu hadi nyumbani au gereji. Ikipepesa, paki pembeni. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuyachoma masega, yaani kichujio cha moshi kilicho ndani yake. Masega yakiwa mekundu usipaki juu ya majani makavu, wala ukutani kwa mama lishe.

Injini ipoe kwanza. Silinda hedi ni ya alumini, na plagi ikifunguliwa ikiwa ya moto inaweza kutoka na tredi zake.

Dalili: linatetemeka likiwa sailensi, taa imewaka, ekzosi inanuka petroli

Soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizotunzwa na kompyuta ya gari, kabla ya kufungua chochote. Kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani kinatosha. P0301 maana yake silinda namba 1 haichomi vizuri. P0302 namba 2, na kuendelea. P0300 ni kumisi kunakoruka kutoka silinda moja hadi nyingine. P0351, P0352 na wenzake ni habari nyingine: hizo zinalalamikia njia ya umeme ya koili, yaani waya, soketi au koili yenyewe. Watu wengi hawatofautishi, na tofauti hiyo ina thamani ya hela. P0303 haijasema koili ni mbovu. Imesema silinda ya 3 haichomi, sababu utafute mwenyewe.

Toyota za miaka ya tisini za soko la Japani hazisomwi kwa kifaa hicho. Huko unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha vipimo ndani ya boneti, unafungua switchi bila kuwasha injini, na taa ya injini inahesabu kodi kwa kupepesa. Kodi 14 ni alama ya cheche: kompyuta haikupata jibu kutoka kwenye moduli ya kuwashia.

Sababu, kwa mpangilio ninaokutana nao:

1. Plagi zimekwisha au zimechafuka.
2. Koili moja imekufa.
3. Klipu ya soketi ya koili imevunjika, soketi inaning'inia. Plastiki zile zikishakaa miaka kumi na tano kwenye joto la injini zinavunjika kama biskuti.
4. Mafuta ya injini yamejaa kwenye shimo la plagi.
5. Nozeli (inayonyunyizia petroli) imeziba.
6. Silinda haina kompresheni, yaani haikandamizi hewa inavyotakiwa.

Kipimo kinachotatua nusu ya kesi zote ni kuhamisha koili, nacho hakina gharama. Zima injini, toa funguo. Tuseme kodi ni P0303. Toa koili ya silinda ya 3, iweke kwenye ya 1, na ya 1 iende kwenye 3. Futa kodi, washa, endesha dakika kumi. Kodi ikiwa P0301, koili imejisaliti. Ikibaki P0303, koili haina kosa; sasa hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Ikiendelea kung'ang'ania namba 3, njoo kwenye nozeli na kompresheni.

Kwenye Subaru watu hukosea namba. Ukiwa umekaa kitini ukitazama mbele, upande wa kulia, yaani wa dereva kwa magari yetu, mbele ni 1 na nyuma yake ni 3. Upande wa kushoto mbele ni 2, nyuma ni 4. Nafasi ni finyu: upande mmoja inabidi utoe betri, mwingine boksi la hewa. Usilazimishe mkono, soketi ndizo zinazovunjikia hapo.

Plagi ikitoka, usiitupe pembeni. Itazame juani. Ncha yenye rangi ya chai ya maziwa ni njema. Nyeusi iliyolowa petroli inasema cheche haikutokea. Kisha tazama ule udongo mweupe wa kauri wa plagi: ukiona mstari mwembamba mweusi unaopanda kama njia ya sisimizi, cheche ilikuwa inapita nje ya plagi kwenda kwenye chuma, na ukitazama ndani ya mpira wa koili utakuta mstari mwenzake. Hapo badilisha vyote viwili, maana kibovu kimoja kitamwambukiza mwenzake mpya. Duara la rangi ya kahawia jirani na chuma lisikutishe, ni kawaida kwa plagi iliyofanya kazi.

Koili ikitoka imelowa mafuta meusi, mgonjwa ni gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) au sili za matundu ya plagi. Mafuta yanaulainisha na kuuvimbisha mpira wa koili mpaka cheche inapata upenyo. Ukiweka koili mpya kwenye shimo lenye mafuta unampeleka mtoto mchanga bwawani.

Ishia hapa, mwite fundi: koili na plagi vimehamishwa na silinda ileile bado imekufa. Inahitaji kipimo cha kompresheni. Kwenye Subaru za tabo za lita 2.5, silinda ya 4 ina historia ya kuvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Likiwa ni hilo, kila kilomita unayoongeza inakula ukuta wa silinda.

Dalili: sailensi liko safi, ukikanyaga linakatakata

Hii ndiyo dalili ya injini kali hasa. Barabara ya Bagamoyo usiku imetulia, unakanyaga, tabo inaanza kupuliza, halafu pa-pa-pa-pa, kama kuna mtu anazima na kuwasha switchi. Ukiachia, gari linatulia kama halikufanya kitu.

Hewa ikishindiliwa zaidi ndani ya silinda, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo lilelile la plagi. Koili iliyotosha kwenye sailensi sasa haitoshi. Na muda nao unabana. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, kila silinda inadai cheche kila baada ya milisekunde 17 hivi. Ndani ya muda huo koili inatakiwa kujaa umeme, kwa milisekunde mbili tatu hivi, kisha imwage, ijiandae tena. Fikiria ndoo chini ya bomba: maji yakipungua nguvu na wewe unaidai ndoo kwa haraka ileile, utaondoka na nusu.

Kwa hiyo anza na pengo la plagi. Hicho ndicho chanzo cha kwanza, na cha pili kipo mbali nyuma yake. Pengo hukua kadiri plagi inavyolika. Nunua fila geji, vile vibamba vya kupimia pengo. Injini nyingi za Toyota zisizo na tabo hutoka kiwandani na pengo la milimita 1.0 hadi 1.1, Subaru za tabo hutoka na 0.7 hadi 0.8. Gari lililoongezewa presha ya tabo kwa kawaida hushushwa hadi 0.7, na yenye presha kubwa hadi 0.6. Forester yangu mwenyewe niliwahi kuinunulia koili nne kwa ugonjwa huu, mimi fundi mzima, kabla sijapima plagi. Nilipopima nilikuta 1.2. Koili zile nne bado ninazo, ndizo zinazonikumbusha kutoa fila geji kwanza.

Kwenye plagi za iridiamu pinda ule mkono wa pembeni tu. Ncha ya katikati ni nyembamba kama sindano. Ukiigusa kwa bisibisi umeshaua plagi.

Inafuata plagi isiyo ya aina yake. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa mfano BKR6 na BKR7. Injini iliyorimapiwa, yaani kompyuta yake imepangwa upya kuongeza nguvu, mara nyingi huhitaji ya baridi kwa hatua moja. Ukiweka ya moto, itamisi leo, na kesho inaweza kusababisha mlipuko usio na wakati wake.

Tatu, koili zimechoka. Hapa kuhamisha koili hakusaidii sana, kwa sababu zote nne au sita zina umri mmoja na zinachoka pamoja. Dalili yake ni P0300 badala ya silinda moja. Kipimo changu: punguza pengo la plagi kwa milimita 0.1 na uendeshe njia ileile. Kumisi kukipotea au kukihamia kwenye presha ya juu zaidi, koili au umeme wake ndio dhaifu.

Nne, umeme wenyewe. Weka mita kwenye betri injini ikiwa inaunguruma, taa na feni vimewashwa. Unataka kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisha kagua waya za ethi (za hasi) kutoka injini kwenda bodi, kwenye pwani yetu hii zinaota ukungu wa kijani ndani ya ganda huku nje zinang'aa. Gari linalolala Kigamboni au Msasani nalikagua ethi kabla ya kumsikiliza mwenyewe.

Mwisho ni yale yasiyohusu cheche: paipu ya intakula (kipozeo cha hewa ya tabo) inayovuja, sensa ya hewa iliyochafuka, pampu ya mafuta iliyochoka. Utayatofautisha kwa hisia. Cheche ikikosekana gari linakata ghafla na kurudi ghafla. Hewa ikivuja au mafuta yakipungua, gari linakuwa zito, kama linavutwa kwa nyuma kwa kamba.

Simama mara moja ukisikia mlio wa kokoto ndani ya kopo ukiwa umekanyaga. Huo ni mlipuko wa mchanganyiko kabla ya wakati wake, na unatoboa pistoni. Hapo achana na koili, mpelekee aliyekufanyia rimapu.

Dalili: asubuhi zima, likipata moto linaanza kumisi

Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kimewashwa, boneti imeoka. Linaanza kutetemeka. Ukifika nyumbani likapoa, kesho asubuhi halina neno, na fundi uliyempelekea asubuhi anakuona muongo.

Hapa koili ndiyo mshukiwa wa kwanza kweli. Ndani yake kuna waya mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara na kumiminiwa gundi ngumu. Joto linapoipanua, ufa mdogo unafunguka, umeme unavuja kwa ndani, ikipoa unajifunga. Kwa mita ikiwa baridi utaipata nzima. Nyingi za kisasa zina transista ndani, kwa hiyo kuzipima omu hakukuambii lolote.

Utafute ugonjwa kwa kuhamisha: badilisha nafasi likiwa baridi, kisha nenda kaliweke foleni kwa makusudi na kifaa cha kodi kimechomekwa. Usimwagie koili maji kuipoza, nimeona mtu akifanya hivyo Ubungo na gari likabaki palepale.

Kama likipata moto linazima kabisa badala ya kumisi silinda moja, halafu linawaka likipoa, usiende kununua koili. Tazama sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta injini imezunguka wapi.

Dalili: lilianza baada ya mvua au baada ya kuosha injini

Maji yameingia kwenye mashimo ya plagi. Toa koili zote, puliza kwa hewa ya kompresa, futa, pulizia soketi spreyi ya kusafishia umeme, acha zikauke juani nusu saa. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa mpira, siyo grisi ya beringi. Wengi wanapona hapo.

Magari yenye waya za plagi, kama Evo za 4G63 na Subaru nyingi zisizo na tabo, yaangalie usiku pasipo na taa: inua boneti, injini ikiwa sailensi, mikono mbali. Waya inayovuja utaiona ikicheza cheche za bluu.

Kama gari lilizama kwenye maji ya Jangwani hadi usawa wa bampa, usiliwashe kujaribu. Livutwe hadi gereji, suala la koili litakuja baadaye sana.

Dalili: nimeweka koili mpya, tatizo ni lilelile, au zimekufa ndani ya wiki

Hapa nitakaa kidogo.

Sababu ya kwanza ni ile ya Forester yangu: koili mpya, plagi za zamani. Plagi yenye pengo kubwa inailazimisha koili kupanda volti za juu kabisa kila cheche, na ndiyo iliyoua koili za kwanza. Itaua na hizi.

Ya pili ni namba. Koili zinafanana sura kama watoto wa baba mmoja, ila ndani zimejazwa tofauti. Koili za Toyota huanza na 90919-02, na plagi zake 90919-01. Za Nissan 22448. Za Subaru 22433. Za kundi la Volkswagen zina 905 katikati. Tarakimu za mwanzo zinakuambia tu kwamba hiyo ni koili. Zinazoiambia injini yako kitu ni za mwisho, na ndizo ambazo muuzaji anakwambia "hiyo tofauti ndogo tu, kaka, inaingia." Kuingia inaingia. Kuna injini za Nissan RB25DET za mwanzo ambazo moduli ya kuwashia ipo nje, na za baadaye ambazo moduli imo ndani ya koili. Ukizichanganya, bahati yako ni gari lisiwake. Bahati mbaya ni kuunguza kitu upande wa kompyuta.

Nenda dukani na koili ya zamani mkononi, siyo picha. Linganisha idadi ya pini, umbo la soketi, urefu wa shingo, tundu la bolti.

Ya tatu ni feki, na Kariakoo haikuanza jana. Duka moja niliwekewa mezani koili sita ndani ya boksi zuri kuliko la kiwandani. "Bosi, hii orijino kabisa, Japani." Nilikuwa na kitambaa chenye petroli mfukoni, nikapitisha juu ya namba. Ikatoka yote, ikabaki plastiki nyeusi tupu. Muuzaji akaangalia kitambaa, akaniangalia mimi, akarudisha boksi kwenye shelfu lilipotoka.

Vitu ninavyoangalia: namba iliyochomwa kwa leza au iliyoumbwa kwenye plastiki, siyo iliyopigwa muhuri. Uzito, kwa kuilinganisha na ya zamani kwenye mizani ndogo ya jikoni. Feki huwa nyepesi kwa sababu waya na chuma cha katikati vimepunguzwa. Gundi iliyojaa sawasawa bila mapovu. Pini zisizoyumba. Springi ya ndani iliyonyooka. Na bei. Ukipewa sita kwa bei ya moja, umeshajibiwa bila kuuliza.

Kuna zile koili nyekundu wanazoziita za R8, yaani za Audi R8. Zipo kweli: namba yake ni 06E 905 115 E, na wenye GTI za 2.0 ya tabo hupenda kuziweka. Zikiwa halali ni nzuri na zinaaminika. Haziongezi farasi kwenye injini ambayo koili zake zilikuwa nzima, na mjini kuna nyingi ambazo cha R8 kilichomo ni rangi.

Za Kijapani za kuongeza nguvu, kama Splitfire na Okada Projects, zina kazi yake kwenye injini zenye presha kubwa au zile za zamani ambazo za kiwandani hazipatikani. Kwa gari la presha ya kiwandani, au iliyopandishwa kiasi, mimi nitakushauri uchukue za kampuni iliyowatengenezea kiwandani, Denso, Hitachi, Bosch au nyingine iliyoandikwa kwenye koili yako, na pengo la 0.7. Chenji itabaki ya kununulia plagi.

Za gari lililochinjwa je? Nanunua, kwa 1JZ na RB hasa. Ila nanunua kwa sharti la kuzijaribu kwenye gari langu likipata moto kabla hela haijatoka mkononi. Yenye nywele za ufa kwenye gundi naiacha.

Moja au seti? Zikiwa na umri wa kiwandani na moja imekufa kwenye injini ya tabo, badilisha zote. Ikiwa seti ni ya karibuni na moja imekufa, badilisha hiyo, ya namba ileile na kampuni ileile. Kuchanganya kampuni mbili kwenye injini moja sipendi, kwa sababu kompyuta inazijaza zote kwa muda mmoja.

Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na kabla ya kulipa mwandikishe muuzaji nyuma yake muda wa kurudisha. Akikataa kuandika, umepata habari zake. Ukiuziwa bandia waziwazi, Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia.

Kama namba ni sahihi, plagi mpya, koili halali na bado zinakufa silinda ileile, usiweke ya tatu. Waya ya amri kutoka kwenye kompyuta inaweza kuwa imekwaruzika na kugusa mahali, au transista ya ndani ya kompyuta imeganda na kuijaza koili mfululizo. Koili ya namna hiyo utaisikia, inaunguza vidole hata switchi ikiwa wazi na injini haijawaka. Chomoa soketi yake na mtafute fundi umeme mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye kioo. Asiyekuwa nayo akija na taa ya balbu kuchokonoa waya za kompyuta, mshukuru na umfungulie geti.

Dalili: silinda mbili zimekufa pamoja, au haliwaki kabisa

Silinda mbili kwa wakati mmoja ni za injini ambayo koili moja inahudumia mbili. 1JZ-GTE ya VVT-i iko hivyo: koili tatu, jozi 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Evo ni 1 na 4, 2 na 3. Jozi ikifa, shuku koili hiyo na waya wake, kisha moduli. Koili hizi zinafanya kazi mara mbili ya zile za moja moja, ndiyo maana kwenye resi za juu zinachoka mapema.

Haliwaki kabisa baada ya kubadilisha koili: rudi kwenye ulichogusa. Soketi ambayo haikulia "tik". Ethi iliyosahaulika kwenye tapeti kava. Fyuzi ya kuwashia. Toyota nyingi zina waya wa nne unaorudisha jibu kwa kompyuta kwamba cheche imepigwa. Jibu hilo lisipofika, kompyuta inaweza kukata mafuta, na koili feki moja inaweza kuchafua mstari huo.

Koili haitoki, au mpira umebaki shimoni

Usivute kwa koleo. Zungusha kushoto na kulia kwanza mpaka mpira uachie plagi, ndipo uvute wima. Mpira ukikatika, utoe kwa koleo jembamba lenye mdomo mrefu, na upulize shimo kabla ya kufungua plagi, maana kipande kikiangukia kwenye silinda ni hedi kufunguliwa. Plagi ikigoma, tone la mafuta ya kupenya na usiku mzima. Ikigoma tena, usiongeze bomba kwenye spana, mpeleke fundi.

Wakati wa kurudisha, anza plagi kwa vidole. Bolti ya koili ni ndogo na inaingia kwenye alumini: ikishika, robo mzunguko basi. Zile koili nzima ulizotoa zifunge kwenye gazeti, andika silinda na tarehe kwa kalamu ya mpira, ziweke kwenye buti pamoja na spana ya 10.